Wakala anasema niingie China kwa viza ya biashara, kisha nifundishe Kiingereza. Niende?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nina shahada ya ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Kiingereza. Nafundisha sekondari ya binafsi Morogoro, huu ni mwaka wa tatu. Kuna wakala tumefahamiana WhatsApp, anasema kuna chekechea Luoyang, mkoa wa Henan, wanatafuta mwalimu wa Kiingereza. Mshahara yuani 9,000 kwa mwezi, chumba bure. Natakiwa nilipe dola 900 za kushughulikia, niingie kwa viza ya M, halafu "wataibadilisha hukohuko". Je, Watanzania wanaajiriwa kufundisha Kiingereza China? Na kazi yenyewe ikoje?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hizo dola 900 usizitoe, na tiketi usikate. Tukishakubaliana hapo tuongee vizuri, maana swali lako la pili lina jibu tamu kuliko la kwanza, na kuna kitu kwenye cheti chako ambacho nadhani hujakitazama sawasawa.

Viza ya M ni ya mfanyabiashara. Ndiyo wanayoingia nayo ndugu zetu wa Kariakoo wanaokwenda Yiwu na Guangzhou kufunga mizigo. Ukishika chaki na viza hiyo, hata kama ni ya kuwachorea watoto ua, unafanya kazi kinyume cha sheria. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, imetaja bei yake: faini kuanzia yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito, mahabusu siku 5 hadi 15 pamoja na faini hiyohiyo. Ukirudishwa kwenu kwa amri, hurudi China kwa mwaka 1 hadi 5. Aliyekuajiri hutozwa yuani 10,000 kwa kila kichwa. Piga hesabu mwenyewe. Faini yako ya juu inamaliza mishahara yako ya miezi miwili na zaidi, wakati yake ni kama mshahara wako wa mwezi mmoja na kidogo. Ndiyo maana yeye ana ujasiri, na wewe ndiye unayeambiwa usiogope.

Na hilo la "hukohuko": utaratibu unataka kibali kianze kushughulikiwa wewe ukiwa bado kwenu. Wapo wachache wanaoruhusiwa kubadilisha wakiwa ndani, lakini aliyeingia kama mnunuzi wa bidhaa akajikuta chekechea si mmoja wao.

Siyasemi haya kwa kusoma tu. Mimi mwenyewe niliingilia mlango huohuo. Nilikuwa na miaka 25, mji mwingine wa ukubwa wa kati hukohuko Henan, na kwa miezi mitano wazazi waliambiwa mimi ni mwalimu kutoka Afrika Kusini. Wiki yangu ya kwanza haijaisha, saa tano asubuhi, mpishi alikuja mbio hadi mlango wa darasa, akanishika mkono bila neno na kunivuta hadi stoo ya magodoro. Watoto wa chekechea kule hulala mchana, kila mmoja ana kigodoro chake na kiblanketi chenye jina, na vyote hupangwa mle hadi karibu na dari. Nilikaa juu ya rundo hilo dakika arobaini, nikisikia viatu vya wakaguzi vikipita koridoni. Darasani watoto walikuwa wanaimba wimbo niliowafundisha asubuhi ile, na kati ya beti sauti moja ndogo ikawa inauliza kwa Kichina mwalimu wetu yuko wapi. Walimu wenzangu wakamnyamazisha.

Mwezi wa tano nilipewa nusu ya mshahara. Sikuwa na pa kwenda kulalamika, kwa kuwa kumshtaki mwajiri kungekuwa kujishtaki mwenyewe. Wanaokuita kwa viza ya M wanalijua hilo vizuri kuliko wewe, na chumba cha bure hakifidii.

Sasa hilo la Watanzania. Mfumo wa vibali vya kazi ulioanza kutumika nchi nzima Aprili 1, 2017 unawapanga wageni madaraja matatu, A, B na C. Walimu wengi tumo B. Mwalimu wa lugha anatakiwa, "kimsingi", afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada ya kwanza, na awe amefundisha lugha miaka miwili. Mwenye shahada ya ualimu au ya lugha, au cheti cha kimataifa cha kufundisha lugha, anaweza kusamehewa hiyo miaka miwili. Shida haiko kwenye shahada yako, iko kwenye hayo maneno "lugha ya kuzaliwa". Kwa Kiingereza, ofisi nyingi huyasoma kuwa ni pasipoti ya nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Sasa unajua kwa nini mimi nilizaliwa ghafla Johannesburg.

Kwamba Kiingereza ni lugha rasmi Kenya na Uganda, au kwamba wewe umesoma kila kitu kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, hakukusaidii. Kijana wa Toronto aliyesomea biashara, akapata cheti cha kufundisha lugha cha wiki chache mtandaoni, anakupita wewe mwenye miaka mitatu ya ubao. Naliona sharti hili la kijinga, maana kuzaliwa na lugha si kujua kuifundisha, lakini afisa wa vibali halipwi kusikiliza hoja zangu. Hilo neno "kimsingi" ndilo linaloacha upenyo: wapo Waafrika wanaopitishwa kwa kuwa shahada zao ni za Uingereza au Marekani, na mkoa mmoja huweza kukubali kinachokataliwa na mwingine. Usijenge nyumba juu ya upenyo huo.

Kichekesho ni kwamba sharti hilohilo linambeba Mswahili akitaka kufundisha Kiswahili. Kinafundishwa Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China na kwingineko, na hapo mwenye lugha ya kuzaliwa ni sisi. Ila nafasi ni za kuhesabu kwa vidole, ziko vyuo vikuu, na kwa kawaida huenda kwa wenye shahada za juu. Kama kuna msomaji mwenye shahada ya uzamili ya Kiswahili anayenisoma hapa, hayo maneno ni yake. Wewe rudi kwenye cheti chako.

Jiografia. Hilo ndilo ninalotaka ulitazame. Miji kama Luoyang, Zhengzhou au Xi'an ina sekondari zenye kitengo cha kimataifa, ambako wanafunzi wanaojiandaa kwenda vyuo vya nje hufanya mitihani ya Cambridge au ya Marekani kwa Kiingereza. Mwalimu wa somo hahesabiwi kama mwalimu wa lugha. Anaangaliwa shahada ya somo husika, uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu na leseni ya ualimu kama anayo, na pasipoti haimnyimi kibali. Mimi baada ya ile stoo nilirudi nyumbani, nikafundisha Fizikia Iringa miaka miwili na nusu, kisha nikaja Luoyang kwa viza ya Z, ile ya kazi, kufundisha Fizikia. Huu ni mwaka wangu wa saba. Sikufichi: Hisabati, Fizikia na Uchumi vina nafasi nyingi kuliko Jiografia, na itakubidi utume maombi mengi, uvumilie kimya kingi. Lakini kazi hiyo unaweza kuifanya mlango ukiwa wazi.

Utajiuliza kwa nini basi zile kazi za viza ya M zimejaa kila kundi la WhatsApp. Julai 2021 serikali ya China ilitoa sera iliyojulikana kama "kupunguza mara mbili", yaani kupunguza kazi za nyumbani na kupunguza tuisheni. Vituo vya tuisheni vya masomo ya shuleni, Kiingereza kikiwemo, vikakatazwa kuendeshwa kwa faida kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tisa, wala kufundisha wikendi na likizo. Vikafa kwa wingi, na baadhi ya vilivyobaki vilibadilisha kibao cha mlangoni tu. Chekechea nazo zinagombania watoto: mwaka 2016 walizaliwa milioni 17.86, mwaka 2023 wakazaliwa milioni 9.02. Mwenye chekechea anayeona viti vinabaki vitupu hutafuta kitu cha kumwonyesha mzazi getini, na mgeni anayesema Kiingereza ni kitu hicho. Mgeni mwenye karatasi ni ghali. Asiye na karatasi anauza sura ileile kwa nusu bei. Yaani wewe unatafutiwa kazi ya bango.

Njia halali nakupitisha haraka, kwa kuwa ni ya ofisini na ofisi hazina utamu. Shule inakuombea kwanza barua ya taarifa ya kibali cha kazi, yenye jina lako, namba ya pasipoti yako, jina la mwajiri na kazi utakayofanya. Bila barua hiyo ubalozi haukupi viza ya Z. Wewe unaandaa shahada iliyothibitishwa, cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, barua za uzoefu na vipimo vya afya. Kuhusu uthibitisho: mkataba wa apostili ulianza kufanya kazi China Novemba 7, 2023, kwa hiyo msomaji wa Rwanda au Burundi, nchi ambazo nazo ni wanachama, humalizana na muhuri mmoja wa nyumbani. Kwa nchi isiyo mwanachama ni njia ya zamani, Mambo ya Nje kisha ubalozi wa China. Ukifika, ndani ya saa 24 uandikishwe polisi unapoishi, na ndani ya siku 30 uombe kibali cha ukaazi. Mwajiri anayekuita kweli hashindwi hata kimoja kati ya hivyo, na hakuombi hela ya kukuajiri, kwa sababu wakala hulipwa na shule. Kwa Tanzania waulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama huyo wako anatambulika.

Kwenye mkataba angalia mambo mawili tu ambayo watu huyaruka. La kwanza, saa za kufundisha ziandikwe mbali na saa za kukaa ofisini. "Vipindi 20" vinaweza kumaanisha vipindi 20 na kukaa kwenye kiti hadi saa kumi na moja kila siku. La pili, mwajiri wa kwenye mkataba awe yuleyule wa kwenye kibali. Ukikodishwa shule nyingine jioni, hata kwa saa moja, umetoka nje ya kibali. Na omba stakabadhi za kodi kila mwezi. Ukitaka kubadilisha mshahara wako kuwa dola na kuutuma nyumbani, benki itakuuliza hizo, na asiyekuwa nazo hurudi kumwomba Mchina rafiki amtumie.

Haya, sasa darasa lenyewe.

Kitengo chetu kina wanafunzi 25 kwa darasa. Jengo la jirani, la sekondari ya kawaida, wako 50 na ushee, vitabu vimepangwa mezani kama ukuta mpaka kichwa cha mtoto hukioni. Mapumziko ya asubuhi muziki unapigwa kwenye spika, na shule nzima inafumba macho na kujikanda kuzunguka macho kwa vidole, kwa hesabu, ili wasiharibikiwe na kuona. Mara ya kwanza nilidhani ni sala. Baada ya chakula cha mchana wanalala, vichwa juu ya madaftari. Usipange mkutano na mtu saa saba mchana.

Watakuita laoshi, mwalimu, na nyuma ya mgongo wako utakuwa waijiao, mwalimu wa kigeni. Watakuwa na majina ya Kiingereza waliyojichagulia. Nimewahi kuwa na Apple na Winter darasa moja.

Utakachokutana nacho siku ya kwanza ni ukimya. Kiingereza kina alama 150 kati ya 750 kwenye gaokao, ule mtihani wa Juni wa kuingia chuo kikuu, na watoto hawa wamekisoma kwa ajili ya karatasi tangu darasa la tatu. Wanajua sarufi ambayo mimi hunibidi niifikirie mara mbili. Ukimwuliza mmoja jambo mbele ya wenzake, anasimama wima, anatazama meza, ananyamaza. Siyo dharau wala uzembe. Anaogopa kukosea hadharani. Kwetu mwanafunzi akikosea darasa linacheka, naye anacheka nalo. Kule kicheko kinakaa. Nilichojifunza ni kumpa swali, nimwache aongee na jirani yake dakika mbili, kisha nimwulize yeye jirani yake amesema nini. Kosa likitokea ni la jirani, na jirani anasema hapana, sikusema hivyo, na hapo wote wawili wameshaanza kuongea.

Na hapa ndipo Mswahili ana akiba ambayo hakuna wakala atakayekutajia. Binti mmoja alikuwa anatueleza habari za Marie Curie. Akasema kwa Kiingereza kwamba *he* alizaliwa Poland, *he* akaolewa na Pierre. Wenzake hawakushtuka. Kwa Kichina cha mdomo ni neno moja, ta, mwanamume au mwanamke; tofauti iko kwenye maandishi tu. Nikaandika ubaoni "ta", nikaweka alama ya sawasawa, nikaandika "yeye". Nikawaambia lugha yangu nayo haijali kama ni mama au baba, na mimi nilipokuwa kidato cha kwanza nilichapwa kwa kumwita bibi yangu *he*. Darasa likainua vichwa nyuma ya kuta za vitabu. Walikuwa hawajawahi kukutana na mwalimu wa Kiingereza aliyekosea walipokosea wao. Kuanzia siku ile, mtu akiteleza, nyuma anasikika mtoto akisema "yeye!" na anayeongea anajirekebisha mwenyewe.

Orodha inaendelea. Maneno ya Kichina karibu yote huishia na irabu au n na ng, ndiyo maana mtoto anaongeza kijisauti mwisho wa *book*, jambo ambalo sisi tuliotoa buku na benki tunalielewa kutoka mfupani. Sauti ya th hawana, wanashukuru kwa s. Sisi tunayo kwenye thelathini na tunaweza kuonyesha ulimi unakaa wapi. Ya v hawana pia. Hesabu kubwa zinawapiga chenga kwa sababu wao huhesabu kwa makumi elfu, na laki moja kwao ni "makumi elfu kumi". Niliwahi kuwafundisha neno laki ili wajue kwamba si wao tu wenye vituo tofauti na Mwingereza. Kijana wa Toronto anaisema lugha vizuri zaidi yangu, lakini hajui mtu anaanguka wapi, maana hajawahi kuanguka hapo.

Rangi yako itasemwa. Utaona matangazo ya kazi yanayoomba picha kabla ya cheti, na mengine yanasema wazi wanataka mzungu. Kwenye treni ya mji watu watakupiga picha, mama mmoja atagusa nywele zako akijifanya anashika bomba. Luoyang si Guangzhou, Waafrika ni wachache sana. Wengi wa wanaokushangaa hawana ubaya, wana ushamba, na kuna siku utakuwa na subira ya kutofautisha na siku hutakuwa nayo. Shuleni mambo hutulia baada ya mtihani wa kwanza. Mzazi wa Henan anapoona alama za mwanawe zimepanda, hamwulizi tena mkuu wa shule mwalimu katoka wapi.

Kuhusu mji, nitakuambia moja tu, la tumbo. Watu wa Luoyang hunywa supu alfajiri. Ya ng'ombe au ya kondoo, bakuli kubwa, imemwagiwa majani ya vitunguu, na pembeni wanakukatia kitu kama chapati nyembamba vipande vya tambi uzamishe humo. Zipo nyingi za Waislamu wa Kihui, halali. Asubuhi ya Januari, baridi iko chini ya sifuri, ukikaa kwenye benchi lile na mzee aliyestaafu kiwanda cha matrekta, hutahisi uko mbali sana na supu ya Msamvu, pale kwenu Morogoro.

Usiku huu mwandikie wakala wako sentensi moja: "Naomba jina la shule kwa Kichina na barua ya taarifa ya kibali cha kazi yenye namba ya pasipoti yangu, kabla sijalipa chochote." Mkweli atakujibu kwa maandishi, atataka nakala ya shahada yako na atakuambia itachukua wiki kadhaa. Wa aina niliyoijua mimi hatajibu kwa maandishi. Atapiga simu.